Padre Anafanya Nini Ndani ya Manowari?



Kila inaposikika kwamba padre fulani amepelekwa kuhudumu jeshini, maswali mawili huibuka. La kwanza huulizwa na waamini: "Mapadre wenyewe hawatoshi, vigango vingine vinapata Misa mara moja kwa mwezi, iweje huyu apelekwe kukaa na askari?" La pili huulizwa na mafrateri, hasa wale walioanza kusoma teolojia ya maadili: "Padre ni mtu wa amani. Akipanda manowari, si anabariki mizinga?" Na padre huyo akiwa wa jeshi la majini, maswali haya huwa mazito zaidi, maana hapo hatuzungumzii kambi yenye kikanisa chake karibu na geti. Tunazungumzia chombo cha chuma kinachong'oa nanga na kutoonekana tena nyumbani kwa miezi kadhaa.

Sisi tunaona maswali yote mawili ni halali, na anayeyauliza asinyamazishwe kwa jibu jepesi la "hayo ni mapenzi ya askofu". Msimamo wetu ni huu: padre ana nafasi katika manowari, na watu waliomo humo wana haki ya kuwa naye. Lakini nafasi hiyo ina sharti. Awe pale kwa ajili ya watu, asiwe pale kwa ajili ya meli. Siku atakapoanza kuitumikia meli na kuwasahau watu, ni afadhali ashuke bandarini arudi parokiani.

Haki ya aliye mbali na parokia

Tuanze na sheria. Kanuni ya 568 ya Sheria za Kanisa inaagiza kwamba, kadiri inavyowezekana, wawekwe makaplani kwa ajili ya watu ambao kutokana na hali ya maisha yao hawawezi kupata huduma ya kawaida ya maparoko. Inawataja wahamiaji, waliofukuzwa makwao, wakimbizi, wanaohamahama na mabaharia. Kanuni ya 566 inaongeza jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka darasani. Inampa kaplani uwezo wa kuwaondolea watu baadhi ya adhabu za Kanisa, zile zinazompata mkosaji papo hapo na ambazo hazijatangazwa wala kutengwa kwa mamlaka ya juu, katika mahali patatu tu: hospitalini, gerezani na katika safari za baharini.

Tutazame jinsi Kanisa lilivyopanga. Mgonjwa, mfungwa na msafiri wa baharini wamewekwa pamoja. Wote watatu wanafanana kwa jambo moja: hawawezi kutoka walipo wakamfuata padre. Kwa hiyo padre ndiye anayepaswa kuwafuata, na Kanisa linamwongezea uwezo wa kufungua milango ya huruma akiwa huko huko.

Makaplani wa kijeshi, kadiri ya kanuni ya 569, wana sheria zao maalumu. Msingi wake leo ni Katiba ya Kitume Spirituali Militum Curae, aliyoitoa Mt. Yohane Paulo II tarehe 21 Aprili 1986. Kwa hati hiyo majimbo ya kijeshi yanalinganishwa na majimbo ya kawaida: yana askofu wake, mapadre wake, na yanaweza kuwa na mafrateri wake. Jirani zetu Kenya na Uganda wana majimbo ya namna hiyo, na lile la Kenya liliwahi kuongozwa na Kardinali Maurice Otunga, ambaye wengi wetu tunamfahamu zaidi kama Askofu Mkuu wa Nairobi.

Askari wa nchi kavu, akiwa kambini, Jumapili anaweza kuomba ruhusa akaenda kusali parokia ya jirani. Baharia wa manowari hawezi. Anaishi na watu wale wale mchana na usiku. Aliyegombana naye asubuhi atakula naye jioni na kulala kitanda cha juu yake. Anashika zamu usiku wa manane. Taarifa ya msiba wa mama yake itamkuta akiwa mamia ya maili kutoka pwani, na mama atazikwa bila yeye. Mtoto wake atabatizwa bila yeye. Na kwa sababu ya kazi yenyewe, huenda akaamriwa kufanya jambo ambalo litamkosesha usingizi kwa miaka mingi. Je, mtu huyu aambiwe asubiri hadi meli irudi?

Tangu safari ya Mtume Paulo

Desturi hii haikuanzishwa na majeshi ya kisasa. Soma tena Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mtume Paulo yuko melini pamoja na akida Yulio na askari wake. Hakupanda kama mgeni wa heshima. Ni mfungwa anayepelekwa Roma. Dhoruba inapiga siku kumi na nne, watu wamekata tamaa, hawali. Ndipo mfungwa huyu anasimama katikati yao, anawatia moyo, anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Watu 276 wanapata moyo kwa sababu ya mmoja asiye na cheo wala silaha. Na meli inapovunjika, askari wanataka kuwaua wafungwa wasitoroke, lakini akida anawazuia kwa sababu anataka kumwokoa Paulo. Uwepo wa mtu wa Mungu ulibadilisha amri iliyokuwa karibu kutolewa. Tunaiona hapo sura ya kaplani wa baharini kabla jina lenyewe halijakuwepo.

Jina lilikuja baadaye, kutoka vazi la askari. Mt. Martino wa Tours, akiwa bado jeshini, alikata joho lake vipande viwili akamfunika maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Joho hilo lilitunzwa na wafalme wa Wafranki kama masalia matakatifu, na mapadre walioliangalia wakaitwa kwa jina lililotokana nalo. Huko ndiko lilikotoka neno kaplani. Kisha, mwaka 742, sinodi iliyofanyika katika nchi ya Wafranki wakati wa Mt. Bonifasi iliwakataza mapadre kubeba silaha na kwenda vitani, isipokuwa wale wanaofuatana na jeshi ili kuadhimisha Misa na kuungamisha. Ni kusema kwamba ruhusa na katazo vilizaliwa siku moja. Aende, lakini mikono mitupu.

Baharini tuna mashahidi wawili ambao waamini wetu wanawafahamu kwa mambo mengine. Wa kwanza ni Mt. Fransisko Ksaveri. Aliondoka Lisbon Aprili 1541 na msafara wa mfalme wa Ureno uliokuwa ukimpeleka gavana mpya wa India. Wakakaa miezi kadhaa katika kisiwa cha Msumbiji wakisubiri upepo, na huko akawauguza mabaharia na askari waliokuwa wakifa kwa maradhi. Mwaka 1542 alipita Malindi, pwani yetu hii, kabla ya kufika Goa mwezi Mei. Alikuwa na barua za Baba Mtakatifu mfukoni, lakini katika safari yote alichagua kuwa karibu na wagonjwa.

Wa pili ni Mt. Vinsenti wa Paulo. Wanachama wa chama chake cha kitume katika parokia zetu wanamjua kama baba wa maskini, lakini wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1619 mfalme wa Ufaransa alimteua kuwa kaplani mkuu wa merikebu za kivita zilizosukumwa kwa makasia. Waliovuta makasia hayo walikuwa wafungwa waliofungwa minyororo na kuchapwa mijeledi. Vinsenti hakutosheka na heshima ya cheo chake, bali aliwaendea waliofungwa kwenye makasia. Cheo alipewa na mfalme. Watu wake akawachagua kwa Injili.

Kivuli cha Kilwa

Hata hivyo tusiandike historia ya upande mmoja, hasa sisi tunaoishi pwani hii. Mwaka 1505 kundi la meli za kivita za Ureno chini ya Francisco de Almeida lilifika Kilwa. Masimulizi ya Wareno wenyewe yanaeleza kwamba watawa Wafransisko waliteremka pwani wakibeba misalaba kwa maandamano na kuimba Te Deum, wakaenda hadi jumba la mfalme, wakausimika msalaba, na kamanda akasali mbele yake. Baada ya sala hiyo, mji ukaporwa. Kisha kundi lile likaelekea Mombasa, nako mji ukachomwa moto na kuporwa.

Hatuna haki ya kuuruka ukurasa huu. Watawa wale hawakushika upanga, lakini waliuweka msalaba mbele ya wizi. Hilo ndilo linaloulizwa na frateri anayesema padre wa manowari anabariki mizinga, naye ana ushahidi wake. Jirani zetu Waislamu wa pwani wanaukumbuka pia, na mara nyingine wanatukumbusha.

Lakini tunachojifunza Kilwa si kwamba padre asipande meli. Tunajifunza kwamba akipanda lazima awe na uhuru wa kusema hapana. Fikiri kama siku ile mmoja wao angesimama mlangoni na kukataa kuimba hadi mali za watu ziachwe. Huenda asingeuokoa mji. Lakini leo tungekuwa na neno la kusema. Kaplani asiyeweza kumwambia kamanda, "Jambo hili ni dhambi", amekuwa pambo la meli.

Mikono mitupu

Ndiyo maana tunathamini kinga ambazo karne zilizofuata zimeziweka. Ya kwanza ni kutobeba silaha. Mkataba wa pili kati ya mikataba ya Geneva ya 12 Agosti 1949, unaohusu majeruhi, wagonjwa na waliovunjikiwa meli baharini, unaagiza kwamba wahudumu wa dini wakiangukia mikononi mwa adui waheshimiwe na kulindwa, waendelee na huduma yao kwa kadiri inavyohitajika, kisha warudishwe kwao mapema iwezekanavyo. Katika sheria za vita, kaplani hahesabiwi kuwa mpiganaji.

Ya pili ni kuhusu cheo. Katika jeshi la majini la Uingereza kaplani hana cheo cha kijeshi, na desturi husema kwamba huchukua cheo cha yule anayezungumza naye. Akiongea na mpishi, yuko sawa na mpishi. Akiongea na kapteni, yuko sawa na kapteni. Marekani wamechagua njia nyingine: kaplani ni afisa mwenye cheo, lakini hana mamlaka ya kuamuru kikosi. Sisi tunaipenda zaidi njia ya kwanza, maana inafanana na Paulo aliyemshauri akida na kula na wafungwa. Ila njia zote mbili zinakiri jambo lile lile: katika chombo ambacho kila mtu yuko juu au chini ya mwenzake, pawepo mmoja ambaye unaweza kumwendea bila kupiga saluti moyoni.

Walioonyesha maana yake

Jumapili ya tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor. Katika manowari Oklahoma alikuwamo Padre Aloysius Schmitt, mwenye umri wa miaka 32, wa jimbo la Dubuque, aliyepewa upadrisho Roma mwaka 1935. Meli ilipigwa na kupinduka kwa dakika chache. Yeye na wenzake wakakwama katika chumba chenye dirisha dogo la mviringo. Akawasukuma wengine watoke mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika alikwama dirishani, na alipotambua kwamba kuna wengine nyuma yake wanaohitaji kutoka, aliomba arudishwe ndani ili wapite. Watu kumi na wawili wanahesabiwa kuwa waliokoka kwa mkono wake. Watu zaidi ya 400 walikufa katika meli hiyo, naye akiwa mmojawapo. Mwili wake ulitambuliwa miaka mingi baadaye, mwaka 2016, ukarudishwa kuzikwa Dubuque.

Tarehe 3 Februari 1943, meli ya Dorchester iliyokuwa imebeba askari wa Marekani ilipigwa na nyambizi ya Ujerumani karibu na Greenland. Ndani yake kulikuwa na makaplani wanne: Padre John Washington, Rabi Alexander Goode, na wachungaji wawili Waprotestanti, George Fox na Clark Poling. Waligawa majaketi ya kujiokolea, na yalipokwisha wakavua ya kwao wakawapa wengine. Hawakuuliza anayepewa ni wa dini gani. Waliookoka walisimulia kwamba wanne hao walionekana sitahani wakisali pamoja, wameshikana mikono, meli ikizama. Kati ya watu zaidi ya 900, waliopona ni kama 230.

Tarehe 19 Machi 1945, karibu na Japani, meli ya kubeba ndege iitwayo Franklin ilipigwa kwa mabomu. Padre Joseph O'Callahan, Mjesuiti aliyekuwa mwalimu wa hisabati na falsafa, alipita katika moto na moshi akiwapaka mafuta wanaokufa, naye mwenyewe akiwa amejeruhiwa. Kisha akaongoza utupaji wa risasi na mabomu baharini, na akashika mpira wa maji kuyapoza mabomu ya moto yaliyokuwa yakibingirika sitahani. Mwaka uliofuata alipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya nchi yake. Siku hiyo mikono ya padre iliyagusa mabomu, naam, lakini iliyagusa ili yasiue.

Na tarehe 4 Septemba 1967, huko Vietnam, aliuawa Padre Vincent Capodanno. Wanamaji wa nchi kavu wa Marekani, waitwao Marines, hupewa makaplani na jeshi la majini, na yeye alikuwa mmoja wao. Alikuwa Mmaryknoll, shirika ambalo waamini wa Musoma wanalijua tangu mwaka 1946, na kabla ya hapo alikuwa mmisionari Taiwan. Akiwa amekwisha kujeruhiwa, bila silaha, alikimbia kumsaidia mhudumu wa tiba aliyeanguka, akapigwa risasi. Mwaka 2006 alitangazwa Mtumishi wa Mungu.

Siku ambazo hakuna moto

Pamoja na hayo yote, tunawaonya mafrateri wasiipende huduma hii kwa sababu ya mashujaa. Siku nyingi za kaplani wa manowari hazina moto wala nishani. Ni siku za kupita vyumba vya mitambo kwenye joto kali kumsalimia fundi. Kusikiliza kijana aliyepata ujumbe kwamba mchumba wake ameolewa. Kumpelekea mtu habari ya kifo. Kuadhimisha Misa na watu sita katika chumba cha kulia chakula, meza ikiyumba na kalisi ikishikiliwa kwa mkono. Kumkuta baharia peke yake sitahani usiku, akiyatazama maji kwa namna isiyo ya kawaida, na kusimama naye hadi alfajiri bila kusema mengi.

Padre huyo anaaminiwa kwa sababu hapeleki maneno. Siri ya kitubio haivunjwi na amri ya kamanda yeyote. Katika chombo ambacho kila kosa huandikwa kwenye daftari, mtu mmoja ambaye hana daftari ni zawadi kubwa.

Hoja mbili

Turudi kwa mwamini anayesema mapadre hawatoshi. Ni kweli, na anayengoja Misa ya kigango kwa wiki nne hana sababu ya kufurahi. Lakini tusihesabu kana kwamba askari ni watu wa nje waliotuibia padre. Baharia huyo alibatizwa katika kigango hicho hicho. Mama yake yumo katika Jumuiya Ndogo Ndogo hiyo hiyo. Mchungaji mwema aliacha tisini na tisa akamfuata mmoja, nasi twaisoma Injili hiyo kila mwaka bila kumlaumu kwa upungufu wa watumishi. Tena padre akitumwa kwa muda maalumu kisha akarudi jimboni, harudi mtupu. Atakuwa amejifunza kukaa na watu waliochoka na wenye hofu, na parokia itavuna.

Hoja nyingine ni ya anayesema: analipwa na serikali, atawezaje kuikosoa? Tunakubali kwamba hatari ipo, kama ilivyokuwepo Kilwa. Dawa yake ni mambo mawili. Kwanza, askofu wake awe na sauti kweli, si jina tu kwenye karatasi, ili kaplani akisema hapana ajue kuna mtu nyuma yake. Pili, malezi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, unasema askari anayetimiza wajibu wake vema kama mhudumu wa usalama na uhuru wa watu anachangia kweli katika amani. Hati hiyo hiyo inalaani vita vinavyoteketeza miji mizima pamoja na wakazi wake. Kaplani anayekumbuka nusu ya kwanza tu ni hatari. Anayekumbuka nusu ya pili tu hatapata mtu wa kumsikiliza. Seminari zetu zinapaswa kumfundisha kuzishika zote mbili.

Wafu wetu walio baharini

Yasije yakaonekana haya ni mambo ya Wamarekani na Waingereza. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa imebeba askari, wakiwemo mamia ya vijana wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga nayo ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1200 walikufa kati ya 1500 hivi. Vijana wa Afrika Mashariki waliokufa siku hiyo hawana makaburi. Bahari ndiyo iliyowapokea.

Kuna jambo zito zaidi katika mkasa huo. Nyambizi ilikuwa bado chini ya maji, karibu na mahali walipokuwa wakielea manusura, na kulikuwa na meli nyingine za msafara zenye maelfu ya watu. Manowari za Uingereza zilizokuwa zikisindikiza zilidondosha mabomu ya kuipiga nyambizi hiyo wakati manusura wangali majini. Nani atamhukumu kamanda aliyetoa amri hiyo? Na baharia kijana aliyeliachia bomu huku akiziona nyuso za watu majini, aende wapi na usiku wake? Daktari anaweza kumpa dawa ya usingizi. Mkuu wake anaweza kumwambia alitii amri. Lakini neno "Nami nakuondolea dhambi zako" hawawezi kulisema, wala kumketisha mtu huyo atofautishe taratibu kati ya hatia na huzuni. Kwetu sisi, swali la padre anafanya nini katika manowari linajibiwa hapo.

Tunaomba nini

Kwa mafrateri: msikimbilie utume huu kwa kupenda sare na heshima, wala msiudharau kama kazi ya padre aliyekosa parokia. Anayefikiri ameitwa huko aongee na mlezi wake mapema, ajichunguze kama anaweza kuishi miezi bila padre mwenzake wa kumwungamisha, na kama ana uti wa mgongo wa kumkatalia mkubwa kwa heshima. Asome vema maadili na sheria za vita. Ajifunze pia kuishi na Waislamu na Wakristo wa madhehebu mengine, maana manowari za pwani yetu zina watu wa dini zote, naye atakuwa wa wote.

Kwa waamini: katika maombi ya waamini siku ya Jumapili, watajeni walioko baharini. Wanajumuiya wawatembelee wake za askari na watoto wao safari inapokuwa ndefu. Baba asipokuwepo, karo, homa na upweke havisubiri meli irudi. Na baharia akirudi akiwa mkimya kuliko alivyoondoka, msimcheke wala kumsukuma aeleze. Mwambieni tu kwamba padre yupo.

Kwa maaskofu wetu tunaomba kwa unyenyekevu: anapotafutwa padre wa kuwahudumia askari wa majini, asitolewe yule ambaye hakuna anayemtaka. Atolewe mzuri, apewe muda wake, atembelewe, kisha arudishwe nyumbani.

Wahenga wa pwani walisema: kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia hata akizunguka chombo kizima, mwisho hushuka ngamani, mahali pa chini kabisa pa chombo, penye giza na maji machafu. Kila mwanadamu ana ngama yake. Tunataka baharia wetu akishuka huko amkute padre ameshafika, hana silaha, ana stola shingoni, anamngoja.